Modeli ya galaksi kibete: vumbi linanizidi

Mtazamanyota: Wakuu naombeni msaada. Natengeneza modeli ya galaksi kibete isiyo na umbo maalumu, nataka nyota, gesi na vumbi vikae pamoja. Nimechukua haidrojeni yote iliyopimwa kwa redio kwenye urefu wa wimbi wa sentimita 21, nikagawa kwa 100 nikapata vumbi, nikalimwaga sawasawa katikati ya nyota. Sasa modeli inameza karibu urujuanimno wote na infraredi inatoka kali mara kadhaa kuliko vipimo vya Herschel, ile darubini ya angani ya infraredi. Nakwama wapi?

kipimo_cha_anga: Hiyo moja kwa mia ni ya galaksi yetu mkuu, kwa vibete haifai. Vumbi linahitaji kaboni, silikoni, chuma, na huko metali (yaani elementi zote nzito kuliko heliamu) ni chache, galaksi kibete jirani ya Wingu Dogo la Magellan ina kama moja ya tano ya metali za Jua, kibete kingine, I Zw 18, ndo usiseme, haifiki hata moja ya ishirini. Anza kupima metali kwa oksijeni kwenye spektra ya gesi inayong'aa, ndo ukadirie vumbi. Halafu hiyo haidrojeni umejumlisha mpaka wapi? Maana gesi ya hizi galaksi huwa inapitiliza mbali nje ya nyota, usije ukawa umepima infraredi ya katikati tu huku gesi umebeba yote.

Mtazamanyota: Gesi ni ya ramani nzima. Nikipunguza vumbi itatosha?

Bi Nebula: Haitoshi, shida kubwa naiona kwenye huko kumwaga sawasawa. Vumbi lina mabonge, hasa karibu na nyota changa, na penginepo gesi imetobolewa na supanova, urujuanimno unapenya humohumo. Funika sehemu tu ya nyota changa, zingine ziache wazi. Lile vumbi la karibu na nyota litapata moto na kilele cha infraredi kitasogea kwenye mawimbi mafupi, ndivyo vibete vingi vinavyoonekana. Infraredi ya mikromita 8 ikitoka hafifu usihangaike, zile molekuli za kaboni zenye mapete huwa haba mazingira hayo.

kipimo_cha_anga: Naongezea, haidrojeni ya molekuli usiikadirie kwa mwanga wa monoksidi ya kaboni ukitumia kigezo cha kubadilishia cha galaksi yetu. Vumbi likiwa kidogo urujuanimno unaivunja monoksidi, wakati haidrojeni inajikinga yenyewe, kwa hiyo gesi ipo ila huioni.