Wapangaji Tabata Kimanga (LUKU na mengineyo)

Mama Junior: Jamani umeme umeisha tena na juzi tu tumeweka wa elfu 20. kuna mtu ana friji ana pasi ana hita, anachanga sawa na mie mwenye taa na chaji ya simu. leo sichangi

Dada Suzi: Kama ni mimi nitaje mama Junior usizunguke

Mama Junior: nimerusha jiwe gizani, anayelia ndo limempata 😏

Baba Kelvin: Aisee. Jana jumuiya tumesoma Wakolosai 3:15 "Na amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu", na msomaji alikuwa Mama Junior mwenyewe, leo mita ndo inaamua 😂

Mama Junior: Baba Kelvin usinifunge mdomo na Biblia. mtu anaumizwa unamwambia amani amani

Baba Kelvin: Sikufungi mama. Hata hapo mstari wa 13 Paulo anakubali kabisa mtu anaweza kuwa na sababu ya kumlaumu mwenzake. Na kununa nako sio amani, humu kuna watu wanapishana korido kama hawajuani tangu Pasaka, nanyamaza

Bibi Upendo: Wanangu mimi nasoma tu nacheka. Hiyo barua ya Wakolosai Paulo kaiandika yuko kifungoni na waliotumwa nayo ni Tikiko na huyo Onesimo, yule mtumwa wa Filemoni, ambaye kwao ni huko huko Kolosai, sasa fikirieni huyo Filemoni kanisa linakutana nyumbani kwake halafu mlangoni anaingia Onesimo, mtaweza nyie?? Na Paulo hakumwambia Filemoni yaishe hivi hivi, alimwambia kama unamdai kitu niandikie mimi, nitalipa. Hela ilitajwa jamani. Mnataka amani ya bure

Baba Kelvin: Shikamoo bibi 🙌🏾

Bibi Upendo: Marahaba baba

Dada Suzi: Bibi shikamoo. Ukweli friji siwezi zima nauza ubuyu wa barafu na mwezi huu biashara mbaya ndo mana nilikaa kimya. Naweza ongeza elfu 3 ila sio leo

Baba Kelvin: Ya leo niandikieni mimi

Bi Zuhura: Mie wa msikitini mambo ya Filemoni siyajui 😄 ila samaki wangu wanalala kwenye friji ya Suzi, nami niongezeeni elfu 2

Mama Junior: kumbe hadi samaki 🙄

Mama Junior: haya changa zangu natuma. Suzi njoo mlangoni kwangu tuongee ya grupu yananipandisha presha. njoo na ubuyu wa Junior

Dada Suzi: wa kulipia au?

Mama Junior: Suzi!!

Baba Kelvin: Tokeni nimetuma hapo juu, nani yuko karibu na mita

Bibi Upendo: Nipo mimi ila kwa macho haya mtakaa giza mpaka asubuhi, mtumeni Junior