Trela la farasi la mtumba kwa Hilux: nikague nini kabla ya kulipa?

Mfugaji_Mafinga: Wakuu, kuna trela la farasi wawili linauzwa Iringa mjini, mtumba wa Uingereza, ekseli mbili. Gari ni Hilux dabo kebini 4x4, dizeli 2.5 yenye turbo. Safari ni Mafinga–Mbeya, mara chache kushuka mlima Kitonga. Vitaendana?

Fundi_Uyole: Anza na uzito, rangi baadaye. Matrela hayo yakiwa matupu huwa kilo 800 hadi 1,000. Farasi mmoja ni 450 hadi 550, kwa hiyo hesabu kilo 2,000 hivi, bado nyasi na maji. Fungua kitabu cha gari utafute kiwango cha kuvuta trela lenye breki. Cha lisilo na breki mara nyingi ni kilo 750 tu, kisikuchanganye. Kwa milima yetu nisingenunua kama haibaki akiba ya kilo 300.

Kisha inua mpira wa sakafuni wote, hata muuzaji akinuna. Mkojo hujificha chini yake ukaozesha mbao. Chomachoma na bisibisi, hasa pembeni na karibu na mlango wa nyuma. Ikizama, toa gharama ya sakafu nzima kwenye bei. Kama ni alumini, tafuta unga mweupe na vitundu.

Breki: hushika kichwa cha kuvutia, kile kinachokaa kwenye gololi ya gari, kikisukumwa; kwa hiyo kisukume kiingie ndani. Kikiingia kirahisi, au kikirudi kwa kishindo badala ya taratibu, shokapu yake imekufa. Piga jeki, zungusha kila tairi, sikiliza beringi. Kashata (meno ya tairi) zisikudanganye, tairi za trela huzeeka zikiwa zimeegeshwa: tarakimu 2316 ubavuni maana yake wiki ya 23, mwaka 2016. Hizo tupa.

Dereva_Kitonga: Fundi kamaliza, ila kuna suala la kimo. Hilux 4x4 iko juu. Katikati ya gololi ya kuvutia pawe sentimita 35 hadi 42 kutoka ardhini, mzigo ukiwa umepakiwa. Pua ya trela ikinyanyuka, uzito unakimbilia ekseli ya nyuma na trela linaanza kuyumba. Funga kwa bolti pleti ya kushushia gololi. Na gololi iwe ya milimita 50. Ya inchi 2 ni 50.8, kikombe cha trela la Uingereza kinachofunika gololi hakikai vizuri.

Kitonga sasa. Breki za trela hilo hushika linapoisukuma gari, kwa hiyo hata ukishuka kwa gia zinasugua njia nzima na kuchemka. Ingia mteremkoni na gia ndogo tangu juu. Ukisikia harufu, egesha mahali salama, weka kigingi kwenye tairi, ziache zipoe. Usimwagie maji.

Mfugaji_Mafinga: Asanteni. Nikiwa na farasi mmoja?

Fundi_Uyole: Kulia, upande wa dereva. Barabara imeinamia kushoto, akikaa huko trela linavuta kwenda mtaroni. Kabla ya kutoa hela, linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye fremu. Kama imepakwa rangi, ikwangue uisome.