Siku 55 parachichi likiwa ndani ya kontena, halafu mimi ndiye ninayedaiwa!

Wakuu, uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa hasira. Leo nauweka.

Nanunua parachichi aina ya Hass kwa wakulima wa Njombe na kulipeleka Ulaya kwa kontena la baridi la futi 40. Kontena moja linameza katoni 5,280 za kilo nne nne. Hass ikikaa kwenye nyuzi 5 au 6 inalala. Joto likipanda kidogo, au siku zikizidi, inaamka na kuanza kuiva humo humo ndani. Kampuni za meli zinalijua hili kuliko mimi.

Mei 2024 ejenti akanithibitishia nafasi kwenye meli, nikavuna. Kontena tupu likachelewa siku mbili kufika Njombe. Tukapakia usiku kucha, mkaguzi wa afya ya mimea akatoa cheti, lori likashuka Kitonga na jenereta yake, kilomita 700 hivi mpaka Dar. Tukawahi muda wa mwisho wa kupokea mzigo. Kesho yake naletewa ujumbe: meli imejaa, utaondoka na inayofuata.

Siku tisa! Siku tisa kontena limechomekwa umeme bandarini, na umeme huo nimelipa mimi, kwa dola, pamoja na tozo ya kuhifadhi. Aliyeuza nafasi kuliko uwezo wa meli yake ni nani? Kwa nini bili ije kwangu?

Likaondoka, likapelekwa Oman kubadilishiwa meli, likakaa siku kumi nyingine. Na kwa kuwa tangu mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli yaanze mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilikuwa zimeacha kupita Bahari ya Shamu, meli ya pili ikageuza kusini ili izunguke Rasi ya Tumaini Jema. Yaani mzigo uliotoka Dar ukapanda mpaka Uarabuni, kisha ukateremka tena kupita bahari yetu hii hii ndipo uelekee Rotterdam. Vita silaumu, hakuna baharia wa kulazimishwa kupita chini ya makombora. Ninacholalamikia ni kwamba wakati wa kuniuzia nafasi njia hiyo walikuwa wanaijua, na siku walizonitajia hazikufanana nayo hata kidogo.

Siku ya 55 tangu lakiri ya mlango wa kontena ifungwe, mnunuzi akafungua. Nyama ya tunda imekuwa ya kijivu, zaidi ya nusu ya katoni ni laini. Akauza alichoweza kwa bei ya kutupa, akakata nauli, gharama za kuchambua upya na za kuteketeza, akaniletea hesabu: nadaiwa.

Nikaandika madai. Jibu la kampuni ni mistari minne: rekodi ya joto iko sawa, na masharti ya hati ya shehena, yaani karatasi ya mkataba wa kusafirisha mzigo, hayaahidi tarehe ya kufika. Basi. Nikichelewa mimi kurudisha kontena lao, kila siku ina bei yake na hakuna anayenisikiliza habari ya foleni au mvua. Wakichelewa wao mwezi mzima, bei yake ni sifuri. Huu ni mkataba wa aina gani?

Nimesoma mpaka macho yakauma. Kanuni za Hamburg za 1978, mkataba wa kimataifa wa kusafirisha mizigo baharini, ambazo Tanzania imo kati ya nchi zilizojiunga, zinamwajibisha msafirishaji kwa kuchelewesha mzigo, hadi mara mbili na nusu ya nauli ya mzigo uliochelewa, ila isizidi nauli yote ya mkataba, mradi umtaarifu kwa maandishi ndani ya siku 60 baada ya kukabidhiwa. Barua yangu iliwahi. Lakini nyuma ya hati, kwa maandishi ya kusomwa kwa lenzi, wameandika kesi iende London kwa sheria ya Uingereza. Mtu wa Njombe amlipe wakili wa London kwa kontena moja?

Wakulima 23 bado wananidai malipo ya mwisho. Mmoja ni mama mjane, kila Jumatatu ananipigia, hagombi, anauliza tu, "Baba, meli imefika?" Nauza gari nimlipe.

Naomba kwa yeyote humu aliyewahi kulipwa fidia ya ucheleweshaji, si ya joto, ya ucheleweshaji: ulipitia wapi, mahakama ya hapa ilikusikiliza? Na wenzangu wa parachichi mliosafirisha msimu ule, wekeni hapa idadi ya siku zenu, kuanzia lakiri mpaka mnunuzi alipofungua. Nataka kwenda kwa mdhibiti wa usafiri wa meli na karatasi za watu wengi, si zangu peke yangu.