Mjadala: Asasi iliyolipwa na mradi wa benki ya maendeleo inaweza kuukosoa mradi huohuo?

Mwanzisha Mada

Wakuu, naweka hoja mezani. Kwa miongo kadhaa benki za maendeleo zimekuwa zikitamka kwamba umaskini hauwezi kupunguzwa bila mashirika yasiyo ya kiserikali, yaani asasi. Benki ya Dunia iliunda kamati ya pamoja na asasi mwaka 1982. Benki ya Maendeleo ya Asia ilipitisha mkakati wa kupunguza umaskini mwaka 1999, na mwaka 2000 Japani ikafungua ndani ya benki hiyo mfuko wa ruzuku ambao asasi nazo zinaweza kutekeleza miradi yake. Kwenye karatasi, ushirikiano upo.

Tatizo liko kwenye mkataba. Mkopo wa benki huenda kwa serikali, hauendi kwa asasi. Wizara inaunda kitengo cha kutekeleza mradi, kitengo kinatangaza zabuni, asasi inashinda na kutia saini na wizara. Benki haimo kwenye mkataba huo. Inapitia nyaraka za zabuni na kusema haina pingamizi, basi. Kwa hiyo tunachokiita ushirikiano wa benki na asasi, mara nyingi ni asasi kuwa mkandarasi wa wizara. Na mkandarasi anajua ni mkono wa nani unaotia saini kwenye hati yake ya malipo.

Msimamo wangu: asasi moja isishike kazi mbili katika mradi mmoja. Inayounda vikundi vya wanakijiji isipewe kukagua fidia ya wanaohamishwa na mradi. Inayokagua isilipwe na ofisi inayokaguliwa. Karibuni tujadili.

Mhasibu wa Miradi

Ndugu Mwanzisha, naunga mkono, lakini umelianzia juu. Asasi hainyamazi kwa kuogopa waziri tu. Inanyamaza kwa sababu imeishiwa fedha taslimu, na hilo linatokana na jinsi mkataba ulivyopangwa.

Chukueni mkataba wa kufikirika wa miezi 24 wenye thamani ya dola 240,000. Asilimia 10 inalipwa asasi ikiwasilisha ripoti ya kuanza kazi. Inayobaki inagawanywa kwa hatua: vikundi vikishaundwa, mafunzo yakishatolewa, ripoti ya mwisho ikishakubaliwa. Matumizi ni wastani wa dola 10,000 kila mwezi, na sehemu kubwa ni mishahara na mafuta ya pikipiki, vitu visivyosubiri. Dola 24,000 za mwanzo zinaendesha kazi miezi miwili na siku chache. Kama hatua ya pili inakamilika mwezi wa sita, ripoti ikakaa kitengoni mwezi mmoja, kisha hati ikazunguka hazina miezi miwili, malipo yanaingia mwezi wa tisa. Pengo ni dola 66,000. Zitatoka wapi?

Zinatoka kwenye fedha za mfadhili mwingine, zilizotolewa kwa kazi nyingine. Mkaguzi wa hesabu anaziona, anaandika hoja, na yule mfadhili anasimamisha ruzuku yake. Asasi inabaki na mguu mmoja, yaani wizara. Hapo ndipo sauti inapokatika, wala hakuna aliyeipa asasi vitisho.

Malipo ya awali nayo yana mtego wake. Mikataba mingi inadai dhamana ya benki ya kibiashara yenye thamani sawa na fedha zinazotangulizwa. Kampuni ya ujenzi ina mitambo na majengo ya kuweka rehani. Asasi ina kompyuta kumi na gari lililonunuliwa kwa ruzuku, ambalo hairuhusiwi kuliweka rehani. Benki ya biashara itaiambia iweke taslimu kiasi kilekile. Sasa anayeweza kuweka taslimu dola 24,000 hana haja ya kutangulizwa dola 24,000.

Mchambuzi wa Huduma za Afya

Nitapingana nanyi wote wawili. Mnazungumza kana kwamba mkataba ni ugonjwa. Mkataba ulioandikwa vizuri umewafikia maskini pale ambapo utaratibu wa kawaida wa wizara ulishindwa, na mfano upo Kambodia.

Kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia, kuanzia 1999 hadi 2003, serikali ya Kambodia ilikabidhi huduma za afya za wilaya tano kwa mashirika yasiyo ya kiserikali. Kulikuwa na namna mbili. Ya kwanza, shirika lilipewa mamlaka kamili: kuajiri, kufukuza, kununua dawa. Ya pili, shirika lilisimamia watumishi wa wizara waliokuwepo, dawa zikitoka kwenye bohari ya serikali. Wilaya nyingine ziliachwa na utaratibu wa kawaida ili kuwe na cha kulinganisha, na wilaya za kujaribiwa zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Chanjo, vitamini A na kliniki za wajawazito ziliongezeka zaidi katika wilaya za mikataba.

Angalieni kilichofanya kazi. Malengo yalihesabika, na yalidai huduma iwafikie nusu ya watu walio maskini zaidi, siyo wastani wa wilaya. Na matokeo yalipimwa kwa kuhoji kaya, kabla na baada. Shirika halikujisahihishia mtihani. Asasi kuwa mkandarasi si kosa, ilimradi ipimwe na mwingine.

Mtetezi wa Waliohamishwa

Mchambuzi, mfano wako nauheshimu, ila huduma ya chanjo haina adui. Hakuna anayepoteza ardhi mtoto akichanjwa. Tuje kwenye bwawa, barabara kuu, reli, ambako umaskini wa mtu mmoja unaongezwa ili wa mwingine upungue.

Mwaka 1985 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 450 kwa bwawa la Sardar Sarovar kwenye mto Narmada nchini India. Wanavijiji waliotakiwa kuhama pamoja na vuguvugu la Narmada Bachao Andolan walilipinga kwa miaka, wakiungwa mkono na asasi za nje. Benki ikaunda tume huru chini ya Bradford Morse. Ripoti yake ya 1992 ilionyesha kwamba uhamishaji wa watu ulikuwa umevurugika na tathmini ya mazingira haikukidhi masharti ya benki yenyewe. Machi 1993 India iliomba sehemu iliyobaki ya mkopo ifutwe. Septemba mwaka huohuo benki ikaanzisha Jopo la Ukaguzi, chombo ambacho watu walioathiriwa na mradi wanaweza kukipelekea malalamiko moja kwa moja.

Chombo hicho hakikuzaliwa na asasi zilizokuwa kwenye orodha ya malipo ya mradi. Kimezaliwa na waliokuwa nje ya orodha.

Sasa tazameni sera ya Benki ya Maendeleo ya Asia ya 2009 ya kuwalinda watu na mazingira dhidi ya madhara ya miradi, iliyotumika hadi ikabadilishwa na mfumo mpya ulioidhinishwa 2024. Mradi unaohamisha watu wengi kwa lazima ulitakiwa uwe na wataalamu wa nje, au asasi yenye uwezo, wa kuhakiki taarifa za ufuatiliaji. Vema kabisa. Lakini aliyewaajiri ni mkopaji mwenyewe! Mkaguzi anaandika kwamba kaya fulani zimehamishwa kabla ya kulipwa, anaipeleka rasimu kitengoni, inarudi na maoni: ondoa aya ya nne, punguza jedwali la tatu, takwimu zisubiri uhakiki. Malipo ya ripoti yanategemea ripoti kukubaliwa. Aya ya nne inaondoka.

Mchambuzi wa Huduma za Afya

Mtetezi, malizia hadithi ya Narmada. Benki iliondoka, bwawa likaendelea kujengwa, likazinduliwa rasmi 2017. Waliokuwa wakidai masharti ya benki yafuatwe walibaki na bwawa lisilo na masharti hayo. Kujitenga nako kuna gharama, na wanaoilipa ni walewale.

Mtetezi wa Waliohamishwa

Ni kweli, na gharama hiyo ni chungu. Lakini Jopo halikulinda wa Narmada pekee; wa miradi iliyofuata wamepata mlango wa kubisha. Sijasema asasi zijitenge. Nasema anayekagua alipwe kwa mfuko mwingine.

Mlezi wa Vikundi

Niongeze jambo ambalo naona halijaguswa: muda. Humo ndimo miradi mingi ya umaskini inapofia.

Mradi wa miaka mitano siyo miaka mitano. Mkopo ukishaidhinishwa, yanakuja masharti ya kuanza kutumika: bunge liridhie, akaunti maalumu ifunguliwe, mratibu aajiriwe. Miezi sita hadi mwaka. Halafu zabuni ya kupata asasi: tangazo, orodha fupi, maandiko, alama za ubora, bei, majadiliano. Mwaka mwingine ukiyoyoma hakuna wa kushangaa. Asasi inafika kijijini mradi ukiwa mwaka wa tatu, na inaambiwa iunde vikundi 200 kabla ya mapitio ya katikati ya mradi.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinahitaji angalau mzunguko mmoja kamili, kwa kawaida miezi tisa hadi kumi na miwili: kuchangana, kukopeshana, kurejesha, kugawana. Kabla ya mzunguko huo huwezi kujua kama mweka hazina ni mwaminifu, wala kama mwenyekiti anakubali kuhojiwa. Lakini mkataba unalipa kwa vikundi vilivyoundwa. Basi vinaundwa: orodha ya majina, katiba moja iliyonakiliwa mara 200, picha ya uzinduzi. Mtaji wa mradi ukiingia, waliojipanga mstari wa mbele ni wenye nafasi, maana wao ndio walioitika haraka. Maskini wa kweli alikuwa kwenye kibarua siku ya mkutano.

Mwarobaini wake, kwa maoni yangu, ni kulipa kwa vikundi vinavyoishi. Theluthi ya malipo itolewe kikundi kikiundwa, theluthi nyingine kikimaliza mzunguko wa kwanza, na ya mwisho miezi sita baadaye kikiwa bado kinakutana na vitabu vyake vinasomeka. Wizara nyingi hazipendi, kwa kuwa takwimu za mwaka wa kwanza zinaonekana ndogo.

Jambo la pili: fedha za wanakijiji zisipite mikononi mwa asasi. Mpango wa Mshikamano wa Kitaifa wa Afghanistan, ulioanza 2003 chini ya wizara ya maendeleo vijijini kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulilitenganisha hili vizuri. Ruzuku ilienda kwa baraza lililochaguliwa na wanakijiji, wastani wa dola 200 kwa kaya, kikomo dola 60,000 kwa kijiji. Asasi zililipwa kwa kusaidia uchaguzi wa baraza, kupanga mradi na kufundisha utunzaji wa hesabu. Asasi ikichelewa, hesabu za kijiji hazichafuki. Kijiji kikila fedha, asasi haina sababu ya kukificha.

Mwanzisha Mada

Mlezi, hilo la mwisho limenigusa. Kuna tofauti kubwa kati ya asasi inayoshika fungu la watu na asasi inayowafundisha watu kushika fungu lao. Ya pili inaweza kusema ukweli kwa urahisi zaidi. Narekebisha hoja yangu: siyo kila asasi iliyolipwa imefungwa mdomo, inategemea imelipwa kwa lipi na nani anapima.

Ila Mchambuzi, Kambodia mikataba ilichukuliwa na mashirika ya kimataifa. Yana akiba. Mkataba mmoja ukivunjika hayafi. Asasi ndogo ya wilayani haina kinga hiyo.

Mhasibu wa Miradi

Kinga inaweza kuandikwa. Mambo manne, yote yanawezekana ndani ya kanuni za ununuzi za benki kubwa endapo yatawekwa mapema kwenye waraka wa mradi, siyo wakati wa kutia saini.

Malipo ya awali yafikie robo ya mkataba, na badala ya dhamana ya benki, yatolewe kwa vipande kila baada ya miezi mitatu kwa kuangalia matumizi ya kipande kilichotangulia. Ripoti isiyojibiwa ndani ya siku 30 ihesabiwe imekubaliwa. Gharama za uendeshaji wa ofisi zitajwe wazi kwa kiwango chake. Zisipotajwa, asasi inazificha ndani ya semina na mkaguzi anazikuta huko. Na hali ya kodi iamuliwe kabla ya zabuni, kwa sababu asasi iliyosajiliwa kama isiyo ya faida ikishinda zabuni ya ushauri, mamlaka ya kodi inaweza kuichukulia kama kampuni. Anayegundua hilo mwaka wa pili ameshapata hasara.

Mkitaka kuchagua moja tu, chagueni siku 30.

Mtetezi wa Waliohamishwa

Nakubali yote manne kwa asasi zinazotoa huduma. Kwa wakaguzi hayatoshi. Hata mfuko uliobuniwa kwa kazi ya uwajibikaji, ule ambao Benki ya Dunia iliuanzisha 2012, unafanya kazi katika nchi ambazo serikali zake zimekubali kujiunga. Yaani anayefuatiliwa ndiye anayefungua mlango.

Ninachopendekeza ni hiki: katika kila mkopo wenye uhamishaji wa watu, fungu la ukaguzi litengwe siku ya kuidhinishwa na likae benki, lisipite kwenye akaunti ya mradi. Ripoti ya mkaguzi itumwe siku moja kwa benki, kwa kitengo na kwa kamati ya waliohamishwa, katika lugha wanayoisoma. Maoni ya kitengo yaambatanishwe, yasiingizwe ndani ya ripoti.

Mchambuzi wa Huduma za Afya

Naafiki fungu kutengwa. Sikubali likae benki, kwa sababu benki nayo ina maslahi mkopo utoke haraka. Maofisa wake hupimwa kwa miradi waliyopitisha. Bora lishikwe na chombo chake cha malalamiko, kinachowajibika kwa bodi na siyo kwa menejimenti.

Mtetezi wa Waliohamishwa

Chombo cha malalamiko kikiajiri mkaguzi, kesho mwanakijiji akilalamika dhidi ya ukaguzi huo, atampelekea nani? Hapo bado hatujakubaliana.