Mrejesho: barakoa ya mzee ya mashine ya usingizi

Niliwauliza kuhusu baba, ambaye pumzi hukatika akilala: barakoa ya mashine inayomsukumia hewa usiku ilikuwa inamchubua pua. Asanteni. Aliyesema tulegeze mikanda ndiye aliyepatia. Ule mto laini wa silikoni ulio ukingoni mwa barakoa hujazwa na hewa ya mashine yenyewe ndipo ukakaa vizuri usoni. Ukiubana sana unajikunja, hewa inavujia machoni na ngozi inaumia. Sasa tunaurekebisha akiwa amejilaza, mashine ikiwashwa. Kliniki hapa Nairobi ikampa pia barakoa ya saizi ndogo zaidi. Mafuta ya uso huifanya iteleze, kwa hiyo tunaiosha kila asubuhi kwa sabuni isiyo kali. Kidonda kimekauka. Ndevu bado zinapitisha hewa kidogo, ila kunyoa mzee hataki, na mama anamuunga mkono!