Naomba ushauri: Linkin Park naanzia albamu ipi?

Wakuu, heshima zenu. Tangu Linkin Park, bendi ya rock ya Marekani, warudi mwaka 2024 na Emily Armstrong kwenye sauti, nimeshikwa na hamu ya kupitia albamu zao upya. Hybrid Theory ya 2000 na Meteora ya 2003 nazijua kichwani; enzi hizo tulichomewa CD Kariakoo, jina limeandikwa kwa makapeni na nyimbo za mwisho zinakwaruza. Hizo hazina mjadala.

Kimbembe ni A Thousand Suns ya 2010. Wakati ule niliona wametupa magitaa wakakimbilia vinanda, nikaachana nayo. Juzi kwenye foleni ya Ubungo nimeisikiliza bila kuruka wimbo, na kusema kweli imenishika. Sasa The Hunting Party nayo niipe nafasi, au ni kelele tu?

One More Light bado naiogopa. Ilitoka Mei 2017, mwimbaji wao Chester Bennington akafariki Julai. Mliokwisha kuirudia, iliwapa hali gani? Niimalize ndipo niingie From Zero, ile albamu ya kurudi kwao, au niiruke kwanza?

Na tafadhali asije mtu kuniambia nisikilize bongo fleva. Hiyo mama watoto anaifungulia kutwa.