Hanse Sail, Rostock: nisimame wapi kuziona meli za matanga?

Mpemba_Ughaibuni: Wakuu, Agosti nitakuwa Rostock, Ujerumani, kwenye Hanse Sail, tamasha la meli za matanga. Meli zinafunga wapi, na nikitaka kutoka nazo baharini nafanyaje? Halafu, kwa sisi tuliozoea bamvua (maji makubwa yanayofuata mwezi): kule gatini kamba wanazilegeza vipi maji yakijaa na kupwa?

Foromali: Ni wikiendi ya pili ya Agosti, Alhamisi hadi Jumapili, tangu 1991. Bandari ya mjini, Stadthafen, iko ndani ya mto Warnow; Warnemünde iko mlangoni mwa bahari, dakika 20 na ushee kwa treni ya S-Bahn. Mjini utazikuta zimefungwa, nyingi unapanda kutazama bure. Matanga yaliyotwekwa lakini huyaoni huko, maana mtoni zinatembea kwa injini. Asubuhi nenda Warnemünde, simama kwenye ukuta wa mawe wa magharibi, Westmole, jirani na mnara wa taa wa 1898. Zinapita karibu kiasi cha kusoma jina kwenye tezi (nyuma ya meli). Milingoti mirefu haina kikwazo njiani: tangu 2003 magari yanavuka chini ya mto kwa handaki.

Dafrau: Mkuu, Baltiki kupwa na kujaa ni sentimita chache tu. Kinachopandisha maji ni upepo: ukivuma kwa nguvu kutoka kaskazini-mashariki yanajaa bandarini, ukigeuka kusini-magharibi yanashuka. Basi wanaangalia utabiri, si mwezi.

Kasheshe yenyewe ni upepo wa ubavuni. Milingoti na foromali (miti ya kukingama inayobeba matanga) hushika upepo hata bila tanga, meli ikasukumwa mbali na gati. Kwa hiyo kamba ya kwanza ni ile itokayo omo (mbele ya meli) kurudi nyuma gatini. Ikishakaza, injini mbele polepole, usukani upande wa baharini, tezi inajileta yenyewe hadi dafrau (mito ya kukinga ubavu wa meli) ziguse. Kamba ikichelewa, omo inasukumwa mbali na gati. Upepo ukizidi, huitwa tagi, meli ndogo ya kuvuta na kusukuma.

Foromali: Nafasi za safari za mchana na za jioni zinauzwa mtandaoni na ofisi ya Hanse Sail, wahi, Jumamosi huisha mapema. Vaa raba zenye soli laini na jaketi la upepo, na usikanyage ndani ya kamba iliyozungushwa. Kruzenshtern na Sedov, meli kubwa za matanga za Urusi, usizitegemee hata ukiziona kwenye picha za zamani: Umoja wa Ulaya ulifunga bandari zake kwa meli za bendera ya Urusi Aprili 2022.